Spika Zinaguna, Mchawi Nani? Vifaa vya Kusafisha Umeme na Mziki wa Nyumbani

Shemeji yangu alishuka kwenye bajaji Jumamosi moja asubuhi akiwa amekumbatia boksi jeusi la chuma, kilo nane hivi. Usoni lina taa ya buluu na tarakimu nyekundu za kuonesha volti, mgongoni soketi sita. Aliliazima kwa rafiki yake anayesimamia vyombo vya kwaya. "Shem," akaniambia hata chai hajanywa, "leo ndiyo utajua kwamba huo mziki wako hujawahi kuusikia."

Boksi lenyewe ndilo lile wauzaji wanaloliita kisafisha umeme. Alilileta kwa sababu kwa miezi mitatu nilikuwa namlalamikia kuhusu mvumo kwenye spika. Wimbo ukiisha, kabla mwingine haujaanza, sebuleni kunabaki sauti kama ya nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Na umeme wa kwetu Tabata nilikuwa naujua vizuri, maana nina daftari. Saa tisa alasiri mita yangu husoma volti 231. Saa mbili usiku, pasi na majiko ya umeme ya mtaa mzima yakiwa kazini, nimewahi kusoma 193. Nikahukumu haraka kwamba umeme mbovu ndio unaoharibu mziki. Nilihangaika wiki sita kabla ya kuona hukumu hiyo ilikuwa na kasoro wapi.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "umeme mchafu" kama bibi zetu walivyosema "homa": malaria ni homa, taifodi ni homa, hata jino likiuma ni homa. Sasa fikiria duka linalouza dawa moja ya homa zote. Ndivyo biashara ya vifaa hivi ilivyo. Nyuma ya jina hilo moja kuna maradhi yasiyopungua manne, na kifaa kinachotibu moja mara nyingi hakigusi jingine hata kidogo.

Ugonjwa wa kwanza ni kiwango. Tanzania tunatumia volti 230, jirani zetu Kenya na Uganda 240, na viwango vya kimataifa huruhusu yumbayumba ya asilimia 10 juu au chini. Kwa hiyo kwetu 207 hadi 253 ni afya. Usomaji wangu wa 193 haukuwa afya. Wa pili ni mshtuko: volti zinazoruka mamia au maelfu kwa sehemu ndogo ya sekunde, radi ikipiga karibu na laini au umeme ukirudi baada ya kukatika. Wa tatu ni takataka: vijiwimbi vya kasi kubwa vinavyopanda juu ya wimbi kubwa la umeme, vikitoka kwenye chaja za simu, balbu za bei poa na kila kitu chenye saketi ya kukatakata umeme. Wa nne hautoki kwenye laini kabisa. Unatoka kwenye namna vyombo vyako vilivyounganishwa, hasa upande wa ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Huo wa nne ndio unaosababisha sehemu kubwa ya malalamiko ya mvumo, na ndio ambao maboksi meusi hayautibu.

Kabla ya kupima boksi, ilibidi nielewe amplifaya yangu inafanya nini na umeme inaoupokea. Ni ya zamani, chaneli mbili, wati 50 kila upande, nzito kwa sababu ya transfoma ya duara iliyo ndani yake. Spika hazichezi kwa umeme wa ukutani. Umeme ule hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kileleni ukifika volti 325 hivi. Transfoma huupunguza, dayodi nne huugeuza uende upande mmoja, kisha kapasita mbili kubwa kama makopo ya nyanya huujaza kama simtanki linavyojazwa. Kutoka kwenye simtanki hilo ndiyo mziki unachotewa. Saketi ndogo za mwanzoni, zile zinazoshughulika na sauti ikiwa bado nyonge, zina mlinzi wa ziada: regyuleta. Ile ya kawaida ya volti 15, ya bei ya soda, hupunguza mawimbi yaliyobaki kwa desibeli 60 hadi 70, yaani zaidi ya mara 1,000.

Kwa maneno mengine, ndani ya amplifaya tayari kuna kisafisha umeme, na kimejengwa na mtu aliyejua hasa saketi yake inataka nini. Boksi la nje linasafisha maji ambayo yatachujwa tena ndani. Linaweza kusaidia kama kichujio cha ndani kimezidiwa au kimezeeka. Vinginevyo linafanya kazi ambayo tayari imefanywa.

Hata kushuka kwa volti, jambo nililoliogopa kuliko yote, nilipolipigia hesabu likapungua uzito. Tuseme volti zimeshuka kutoka 230 hadi 190. Volti za ndani ya amplifaya isiyo na regyuleta kwenye hatua ya mwisho hushuka kwa uwiano uleule, na nguvu hufuata kipeo cha pili cha volti: 190 kwa 230, mara yenyewe, ni 0.68. Wati 50 zinakuwa 34. Inasikika kama hasara kubwa, lakini masikio hayahesabu wati hivyo. Tofauti hiyo haifiki hata desibeli mbili, na unaipata pale tu unapofungulia mpaka mwisho. Ukisikiliza kwa sauti ya sebuleni, ambapo amplifaya inatoa wati moja au mbili, hakuna unachopoteza. Amplifaya mpya nyingi, zile nyepesi unazoweza kuzibeba kwa mkono mmoja, hupokea chochote kati ya volti 100 na 240 na wala hazijali.

Friji inajali, pampu ya maji inajali, kwa sababu mota ikikosa volti huvuta mkondo mkubwa na kuungua. Ndiyo maana vile vidude vya kulinda friji vimejaa madukani kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue kule Nairobi. Tumechukua hofu ya friji tukaihamishia kwenye redio.

Sasa majaribio yenyewe.

Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, nilikuwa nayo, ya relei (swichi inayojibofya yenyewe), ile inayolia "tak" kila volti zikibadilika. Ndani yake kuna transfoma yenye matawi kadhaa, na relei huchagua tawi la kupandisha au kushusha. Niliunganisha amplifaya usiku volti zikiwa 196, ikanipa 224. Mvumo ulibaki palepale. Zaidi ya hapo, mashine ya santuri ikapata mvumo mpya mzito ambao haikuwa nao. Sababu niliipata nilipoinama kuangalia: stabilaiza ilikaa nusu mita tu kutoka kwenye mkono wa sindano. Sindano ya kawaida ya santuri hutoa umeme wa milivolti tano hivi, na amplifaya huukuza mara 100 kabla hata hujagusa kitufe cha sauti. Transfoma yoyote jirani inapumulia sumaku yake mle. Niliisogeza mita moja na nusu, mvumo ule mpya ukafa. Wa zamani ukaendelea kuguna.

Hapo nikapata somo ambalo hakuna tangazo lililonipa: mahali unapokiweka kifaa pana uzito kuliko kifaa chenyewe. Na kwa kuwa stabilaiza za aina hii hazitenganishi umeme wa kuingia na wa kutoka, takataka zilizokuja na laini zinapita kama zilivyo. Inatibu kiwango. Basi.

Boksi la shemeji lilikuwa na mambo mawili ndani, tukilisoma kibandiko chake: vidonge vya kuzuia mshtuko, na kichujio cha koili na kapasita. Vichujio vya aina hii hutengenezwa kufanya kazi kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) elfu mia na ushee kwenda juu, huko zinakoishi kelele za redio. Sikio la binadamu, likiwa changa na zima, linaishia hezi 20,000. Mvumo wa umeme ni hezi 50, au 100 ukitokea baada ya dayodi. Kati ya mvumo wangu na mahali boksi linapoanza kazi pana umbali kama wa Dar na Kigoma. Halikuwa na kosa. Lilikuwa limeitwa kuzima moto usiokuwa wake.

Je, kelele za huko juu tusizozisikia zinaweza kutudhuru? Ndiyo, na kila mtu amewahi kuzisikia bila kujua. Unakumbuka simu ikikaribia kuita huku imelazwa juu ya redio, ile "ti-ti-tit, ti-ti-tit"? Simu za GSM hurusha mawimbi ya mamilioni ya hezi, lakini huyarusha kwa vipande, vipande 217 kwa sekunde. Saketi ya sauti isiyo na kinga hushindwa kumeza mawimbi yale na kuyageuza kuwa mkoromo wa hezi 217, ambao tunausikia vizuri sana. Kwa hiyo nadharia ya wauzaji si uongo mtupu. Ila angalia njia: simu haikupitia kwenye soketi. Ilipitia hewani ikaingia kwenye nyaya za mziki. Kile kivimbe cheusi unachokiona kwenye waya wa laptop ni feraiti, na kukifunga kwenye waya wa spika au wa sauti kunaweza kusaidia kuliko boksi la kilo nane. Gharama yake ni nauli ya daladala kwenda na kurudi.

Shemeji hakukubali. Alisema boksi limefanya sauti za waimbaji "zikae mbele" na ganuni kwenye taarabu "ikang'aa". Mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilisikia hivyohivyo. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunalitazama. Tukakubaliana kufanya mtihani: mmoja akae kwenye kochi ameipa mgongo amplifaya, mwingine arushe sarafu kila raundi, kichwa boksi, mkia soketi ya ukutani. Katika kila raundi amplifaya ilizimwa na kuwashwa vilevile hata kama hakuna kilichobadilishwa, ili mlio wa plagi usitoe siri. Kitufe cha sauti kilibandikwa kwa selotepu, kwa sababu tofauti ndogo tu ya sauti hufanya chombo chenye sauti ya juu kionekane bora, na msikilizaji hatasema "kina sauti zaidi". Atasema "kina uhai zaidi".

Raundi kumi. Mimi nilipata tano. Shemeji alipata sita, akafurahi kweli. Nikachukua kalamu: mtu anayebahatisha tu, hata akiwa ameziba masikio, atapata sita au zaidi katika kumi kwa nafasi ya asilimia 38. Ili useme kwa uhakika kiasi, unataka tisa, ambazo bahati peke yake huzitoa takriban mara moja katika mia. Shemeji akasema mtihani unampa presha na masikio yanataka utulivu. Inawezekana. Sikuona sababu ya kugombana na kaka wa mke wangu kwa ajili ya soketi sita.

Mvumo ulipatikana kwa njia ya kijinga kabisa. Jioni moja joto lilipungua nikazima pangaboi. Nyuki akatoweka.

Niliwasha tena, akarudi. Namba moja kwenye regyuleta ya feni, nyuki mkali. Namba tano, nyuki hafifu. Regyuleta yangu ilikuwa ya kuzungusha, ya kielektroniki. Aina hii haipunguzi volti kwa upole. Inakata sehemu ya kila wimbi, mara 100 kwa sekunde, na ukataji huo wa ghafla hutoa kelele zinazoanzia hezi 100 na kupanda bila mpaka. Waya wa feni kwetu unapita darini juu ya kabati la mziki, sambamba na nyaya za sauti. Mtihani ule wa raundi kumi tuliurudia, safari hii pangaboi likiwashwa na kuzimwa ukutani huku msikilizaji amefunikwa kitambaa usoni na ametazamishwa mbali na upepo, chini ya shuka, katika joto la Machi. Tulipata kumi kwa kumi, sote wawili. Ndipo nilipojua kwamba mtihani wenyewe haukuwa na tatizo. Tofauti ikiwepo, unaisikia hata ukiwa unavuja jasho.

Nilibadilisha regyuleta, nikaweka ya ngazi inayotumia kapasita, ambayo inapunguza kasi bila kukata wimbi. Sehemu kubwa ya kelele ikaisha kwa bei ya kilo mbili za nyama.

Lakini ikabaki sauti nyingine chini yake, nzito, laini, ambayo kelele ya feni ilikuwa ikiificha. Hii ilikuwa ya hezi 50 na ilikuwepo televisheni ikiwa imeunganishwa tu. Hapa ndipo ugonjwa wa nne ulipo, na unahitaji subira kidogo kuuelewa.

Amplifaya yangu ina plagi ya pini tatu. Bodi yake ya chuma imeungwa kwenye ethi. King'amuzi kinaunganishwa na ungo uliofungwa kwenye bomba la chuma nje, na bomba hilo nalo limegusa ardhi kwa njia yake. Sasa kuna njia mbili za kwenda ardhini, na ardhi ya mahali pawili haina volti sawasawa kabisa. Mkondo mdogo unatiririka kutoka ethi moja kwenda nyingine, na barabara yake ni ule waya wa nje wa kebo ya sauti inayotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye amplifaya. Waya huohuo ndio mziki unaoutumia kama sifuri yake ya kupimia. Sifuri ikitikisika, kila kitu kinatikisika. Milivolti moja tu ya mtikisiko, dhidi ya volti mbili za mziki, iko desibeli 66 chini: huisikii wimbo ukipigwa, unaisikia ukinyamaza. Mafundi wanauita mzunguko wa ethi. Ukisafisha umeme wa amplifaya mpaka uwe mweupe kama theluji ya Kilimanjaro, mzunguko huo haupungui hata chembe, kwa sababu haupitii huko.

Kuna dawa ya mtaani ambayo lazima niitaje ili niikatae: kukata pini ya ethi, au kuchomeka plagi kwa kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu. Mvumo kweli unaisha. Kinachoisha pia ni ile njia ambayo ingechukua umeme siku waya wa moto ndani ya amplifaya ukigusa bodi ya chuma. Siku hiyo njia inakuwa mkono wako. Kama nyumba haina ethi rodi, au ilikuwapo ikaibwa kwa ajili ya shaba yake, hela yako ya kwanza iende huko kabla ya kifaa chochote cha mziki.

Dawa halali ni kutenganisha upande wa sauti, si upande wa umeme. Zipo transfoma ndogo za sauti, kubwa kama kiberiti, zinazochomekwa katikati ya kebo: mziki unavuka kwa sumaku, ethi haivuki. Nilinunua jozi moja, ya bei ya chini. Za bei hiyo hula kidogo besi ya chini kabisa, na kwa taarifa ya habari na mpira sijali. Mvumo wa televisheni ulikufa palepale. Ukitumia kebo ya mwanga badala ya kebo ya shaba, kama vyombo vyako vina tundu lake, unapata matokeo hayohayo bila hasara ya besi.

Wapo pia watakaokuambia kwamba chombo chao kinachochonyota ukikigusa, ule msisimko wa sisimizi kwenye vidole, ni dalili ya umeme mchafu. Hapana. Chaja na vyombo vya pini mbili vina kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme na upande wako kwa ajili ya kuzuia kelele, na kupitia humo huvuja mkondo wa sehemu ya miliampia. Kwa vyombo vizima haudhuru, ila ukikutana na nyaya za sauti unaweza kuleta mvumo wake.

Mwezi wa Desemba ikaja guno nyingine, na hii haikutoka kwenye spika kabisa. Ilitoka kwenye tumbo la amplifaya, transfoma yenyewe ikitetemeka, hasa Jumamosi mchana. Jumamosi mchana saluni ya jirani inajaa. Draya nyingi za nywele, zikiwekwa kwenye moto mdogo, hutumia dayodi moja kupitisha nusu tu ya wimbi. Nusu ya juu inatumika, ya chini haitumiki, na laini yetu sote inaegemea upande mmoja. Transfoma za duara hazivumilii jambo hilo. Hata sehemu ya volti moja ya mwegemeo inatosha kuishibisha chuma chake na kuifanya igune. Stabilaiza haikufaa, boksi halikufaa. Kinachofaa ni kijisaketi cha kapasita na dayodi chache kinachozuia mwegemeo na kupitisha wimbi. Fundi wangu alikitengeneza kwenye kopo la plastiki, akakifunga vizuri kwa sababu kinabeba umeme wa ukutani, na guno likapungua hadi lazima uweke sikio kwenye kifuniko. Hiki ni kifaa pekee cha upande wa umeme ambacho kilinipa tofauti niliyoweza kumwonesha mtu asiyejua chochote kuhusu mziki.

Kuhusu nyaya nene za umeme nisichelewe. Ekstensheni nyembamba ya mita 10 ina ukinzani wa kama nusu omu, ukihesabu kwenda na kurudi. Amplifaya ikivuta ampia tatu, unapoteza volti moja na nusu kati ya 230. Nje ya ukuta wako kuna mamia ya mita za aluminiamu hadi kwenye transfoma ya nguzo. Waya wa mita moja na nusu wa bei ya pikipiki hauwezi kufuta safari yote hiyo. Huko Japani wapo wapenda mziki waliochukua wazo hili hadi mwisho wake: mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal liliandika kuhusu watu waliojisimamishia nguzo na transfoma zao binafsi uani. Angalau wao walishika upande sahihi wa hoja. Ekstensheni yangu niliibadilisha, lakini kwa sababu plagi yake ilikuwa inapata moto, jambo ambalo ni la usalama na si la muziki.

Inveta na yupiesi, vile vifaa vya betri vya kushika umeme ukikatika, kwa ufupi. Zile rahisi hazitoi wimbi laini bali wimbi la ngazi, na transfoma hunung'unika zikilipokea. Ukitaka kusikiliza mziki umeme ukikatika, tafuta ya wimbi laini. Yupiesi nyingi za madukani hupitisha umeme wa ukutani moja kwa moja muda wote ukiwepo, kwa hiyo hazisafishi chochote mpaka gizani. Zipo zinazougeuza umeme wote uende upande mmoja, kama wa betri, kisha kuuzalisha upya, na kampuni kama PS Audio hutengeneza mashine za kazi hiyo kwa wapenda mziki. Hizo hufanya kweli zinachosema. Swali ni kama ulikuwa na ugonjwa huo. Na ukitumiwa amplifaya na ndugu aliyeko Marekani, kabla ya yote hayo soma mgongo wake: kule ni volti 120 na hezi 60. Transfoma ya kushusha itarekebisha volti, lakini hezi zitabaki 50, na mashine ya santuri ya zamani inayofuata hezi itazunguka taratibu kwa sehemu moja ya sita.

Kinga ya mshtuko ndiyo ninayoitetea kwa moyo wote, ingawa haiongezi hata tone kwenye sauti. Kidonge kile cha ndani, cha rangi ya buluu au chungwa, hukaa kimya kwenye volti za kawaida, na zikiruka ghafla hugeuka njia ya mkato na kuzizuia zisipande zaidi ya mia saba hivi. Kila kinapofanya kazi kinachakaa kidogo, na siku moja kinakufa bila kukuaga. Kifaa cha miaka mitano chenye taa iliyozimika ni ekstensheni tu. Lakini kuna balaa moja ambalo kidonge hakiliwezi. Nyutro ya mtaa, yaani waya wa kurudisha umeme, ikikatika kwenye nguzo, nyumba zilizogawanywa kwenye fezi tatu zinaanza kuvutana, na ile iliyowasha vitu vichache inaweza kupokea volti zaidi ya 300 kwa dakika nzima. Kidonge kitaungua, stabilaiza ya bei ndogo itashindwa. Kinachokuokoa ni kile kidude cha friji, kinachokata kabisa volti zikivuka mpaka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Ndicho kilichobaki kwenye kabati langu la mziki hadi leo, pamoja na kopo la fundi na zile transfoma mbili za ukubwa wa kiberiti. Boksi lilirudi kwaya.

Baada ya sebule kutulia, niliweka kanda ya zamani ya muziki wa dansi niliyoihamishia kwenye kompyuta. Mvumo ukarudi. Nilinyanyuka kwenda kuzima pangaboi, halafu nikagundua kwamba mvumo ulianza na wimbo na kuisha na wimbo. Ulikuwa ndani ya rekodi yenyewe, umeingia siku wanamuziki walipopiga au siku kanda iliponakiliwa, kutoka kwenye waya fulani ambao leo haupo tena. Shemeji aliuliza ni kifaa gani kinaondoa huo. Nikafungua programu ya kupima masafa. Mvumo ulisimama kwenye hezi 52, na umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Maana yake kanda ilikuwa inakimbia kwa asilimia nne. Niliipunguza kasi mpaka mvumo ukashuka kwenye 50, nikabonyeza tena. Sauti ya mwimbaji ilishuka zaidi ya nusu ya nusutoni, ikawa ya mtu mzima, na shemeji, aliyeukariri wimbo ule tangu utotoni, akaniangalia kana kwamba nimemleta mtu mwingine chumbani.